Mawimbi ya Garsen

Mtu wa Garsen kushona mfarishi ni sawa na mtu wa Limuru kununua feni. Usiku wa Februari hapa tunajifunika shuka moja, na ikifika saa saba shuka yenyewe iko sakafuni. Kwa hiyo lawama zote ni za mtoto wa dada yangu, anayefanya kazi Doha, kwenye nyumba za ubaridi wa mashine. Alinitumia picha kwa WhatsApp: mfarishi wa rangi zinazopanda na kushuka kama maji ya mto. "Mamdogo, huu utakushinda? Wewe si mwalimu wa hesabu?"

Mtoto huyo ananijua. Angeniomba kwa adabu ningekataa.

Mtindo wenyewe unaitwa Bargello, jina la jumba moja mjini Florence, Italia, lenye viti vya kale vilivyotariziwa mawimbi ya aina hiyo. Jumba hilo lilikuwa jela kabla ya kufanywa makumbusho mwaka 1865. Hayo niliyasoma nikiwa nimeshakata vitambaa.

Kazi yake ni hivi. Unakata kanda ndefu za inchi mbili na nusu, unaziunga ubavu kwa ubavu mpaka zitimie 20, kisha ule wa kwanza unauunga na wa mwisho. Unapata kitu kama gunia lisilo na kitako. Gunia hilo unalikatakata kuwa pete, nyembamba kwa nene. Halafu kila pete unaifumua mshono mmoja tu, lakini hii unaifumua chini ya kijani, inayofuata chini ya buluu, ngazi moja moja. Ukizipanga, rangi zinaanza kupanda na kushuka zenyewe. Hakuna mshono uliopinda hata mmoja. Macho ndiyo yanayodanganyika.

Mara ya kwanza nilitumia mabaki ya vitenge kutoka kwa fundi wa sokoni, aliyeniazima na futi yake. Futi ya fundi ina inchi upande huu na sentimita upande wa pili. Mimi, ninayefundisha vipimo darasa la sita, ninayemwekea mtoto mkasi mwekundu kwa kosa hilo hilo, nilikata kanda zote kwa sentimita mbili na nusu. Mishono ilipokula haki yake, mfarishi wangu ulikuwa na kimo cha sentimita 25. Fundi aliupindua huku na huku kwa heshima.

"Mwalimu, hiki ni cha kushikia sufuria?"

Nikasema ndiyo. Tunakishikia sufuria mpaka leo.

Mara ya pili niliingia sandukuni kwenye kanga. Nilichagua tano: kijani ya minazi, buluu mbili, manjano, na ya tano hudhurungi ya Tana yenyewe, maana mto wetu haujawahi kuwa wa buluu ila kwenye ramani. Hiyo hudhurungi aliniletea wifi yangu kutoka Malindi, na jina lake lilikuwa "Mgeni njoo mwenyeji apone". Majina ya kanga nyingine niliyaruka. Hili sikuliruka, kwa sababu nilikuwa nimepungukiwa ukanda mmoja. Nikajiambia, nani atasoma?

Cherehani yangu ni ya miguu, urithi wa mama, na haitambui habari za stima kupotea. Siku tatu nilikanyaga. Pete ya kumi na mbili nikaifumua ngazi mbili badala ya moja, kwa sababu jirani alikuwa dirishani akiniuliza bei ya mchele. Pete zilizofuata zote zikaifuata hiyo. Ndivyo maji yalivyo. Karne ya 19 watawala wa Witu walichimbisha mfereji wa Belezoni kuunganisha Tana na mto Ozi. Tana ikauonja mfereji, ikaupenda, na leo inaingia baharini Kipini. Wao walau walikusudia.

Nikafumua. Nikaunga. Kila mshono unakula nusu inchi, na kwa vipande 36 kuna mishono 35: inchi 17 na nusu zinaliwa. Kanga ya inchi 60 ikabaki 42 na ushei. Hesabu hiyo ningeweza kuipiga kabla, ubaoni, mbele ya darasa. Niliipiga baada, peke yangu, nimekaa sakafuni.

Lakini hayo nilikuwa sijayafikia Jumamosi ile nilipovitandika vipande vyote uani juu ya mkeka, kila kimoja na namba yake kwa chaki ya shule. Ilikuwa mchana, hakuna jani linalotikisika. Nikaingia ndani kunywa maji. Niliporudi mlangoni chamchela ilikuwa inavuka uwanja, nyembamba, haina haraka, kama mtu aliyetumwa. Ilipita juu ya mkeka wangu na si mahali pengine. Kamba ya nguo za jirani, hatua kumi kutoka pale, haikuguswa.

Watoto wakanisaidia kuokota. Kipande kimoja kilikutwa juu ya choo, kingine kimefungwa tai na mvulana wa darasa la tatu. Chaki yote ilikuwa imefutika kwa vumbi na vidole. Nikavipanga upya kwa jicho, nikifuata mawimbi tu, na mawimbi yakakubali. Nikaweka blanketi kuukuu katikati, bitana chini, nikashona, nikapiga pasi. Ukiusimamia mbali ulikuwa mzuri kweli kweli. Hata fundi alikuja kuuona, akanyamaza, na fundi yule hanyamazi.

Jumapili wifi akaja kutoka Ngao. Wifi ni mtu wa mwili, Mungu amembariki, na akiketi anaketi. Alisimama mbele ya mfarishi, mikono kiunoni.

"Hii hudhurungi si ni kanga yangu?"

"Ndiyo, wifi. Nimeiweka mahali pa heshima."

Akausogelea. Nami nikausogelea, na ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza. Mishono ilikuwa imekula nusu ya herufi za lile jina, na chamchela ilikuwa imezichanganya zilizobaki. Kwingine zilikuwa takataka. Lakini pale katikati, kwenye wimbi kubwa kuliko yote, zilikuwa zinapanda ngazi moja moja, wazi kabisa, M, N, E, N, E.

Wifi akasoma kwa sauti. Akarudia.

"Mnene nani?"

"Ni Kiitaliano, wifi," nikasema. "Mtindo wenyewe umetoka Italia."

Alinitazama muda ambao chai ingeweza kuchemka. "Basi mwambie huyo Mwitaliano," akasema, "hata kanga anayonitukania ni yangu."

Doha haukwenda. Uko kwenye kochi la sebuleni, na wifi akija hukaa papo hapo juu ya lile neno, na hulifunika lote.