Waraka kwa Wanaokuja Nakivale Kutafuta Sura za Huzuni

Waheshimiwa waongozaji na waandaaji wa filamu,

Nawaandikia kutoka Masha, hapa njiani kati ya Mbarara na Nakivale. Magari yenu ya kamera tunayaona yakipita, na tunashukuru kwamba mnakuja. Makazi haya ya wakimbizi yapo tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, na wengi wameyasahau. Naomba niseme nanyi kuhusu watu mnaowachagua, na hasa kazi mnazowapa.

Bila shaka mmeitazama Birdman ya Alejandro González Iñárritu, iliyotwaa Oscar ya filamu bora mwaka 2015. Michael Keaton, ambaye mwenyewe aliigiza Batman mwaka 1989 na 1992, humo ni mwigizaji mkongwe ambaye watu hawamkumbuki ila kwa vazi la ndege shujaa. Anapanda jukwaani New York ili aonekane ana kingine, na mambo yanamharibikia kwa namna inayochekesha na kuumiza papo hapo. Niliwaonyesha vijana ninaowafundisha maigizo. Walicheka sana. Kisha binti mmoja wa Kivu akaniuliza: kumbe mtu anaweza kuchoshwa na kuitwa shujaa?

Hajawahi kuitwa shujaa. Ninyi mkija, mnamketisha mbele ya nyumba ya udongo, atazame mbali, asimulie usiku aliokimbia. Akitabasamu, mnamwambia arudie. Binti huyohuyo akiigiza mama mkwe mkorofi, kwa Kiswahili, Kinyarwanda na Kifaransa, watu wanashika mbavu. Hilo hamjamwomba hata mara moja. Machozi yake mmeyachukua mara mbili: alipoyamwaga kweli, na mlipomtaka ayamwage tena kwa kuwa mwanga haukuwapendeza.

Ugonjwa huu wa kumfungia mtu katika sura moja hata wakubwa umewapata. Usiku wa Oscar wa Machi 2014 Afrika Mashariki ilikuwa na wanawe wawili ukumbini. Barkhad Abdi, mzaliwa wa Mogadishu, alikuwa amepatikana kwenye usaili wa wazi Minneapolis uliojaa mamia ya watu, akaigiza kiongozi wa maharamia katika Captain Phillips kwa ustadi uliompatia tuzo ya BAFTA. Baada ya hapo akaitwa kwenye Eye in the Sky na The Pirates of Somalia, Msomali wa vita na wa bahari. Lupita Nyong'o alishinda usiku ule kwa kuigiza mtumwa. Amesimulia mwenyewe kwamba kazi zilizomfuata zilikuwa za utumwa tena, safari hii ndani ya meli, na kwamba yuko radhi apungukiwe na kazi moja kwa mwaka kuliko kuendeleza picha hizo.

Lupita anaweza kukataa. Kijana wa Base Camp, huko makazini Nakivale, mgao wa chakula ukiwa umepunguzwa, atakataaje soda na nauli mnayompa? Mnaliita hilo ridhaa, na mnamwekea karatasi atie sahihi.

Njia nyingine ipo, na si mbali na hapa. Mira Nair alipotengeneza Queen of Katwe, iliyotoka 2016, Madina Nalwanga alipatikana katika darasa la ngoma Kampala, akapewa kuigiza bingwa wa sataranji. Umaskini umo kwenye filamu ile, tena mwingi. Lakini kinachoivuta hadithi ni akili ya msichana, na mtoto yule alipewa nafasi ya kujifunza mchezo na kuigiza.

Basi nawaomba. Leteni andiko mapema tulisome. Mpeni mwanafunzi wangu Mrundi uwakili, au bwana harusi anayetaka kutoroka. Mpeni Msomali udaktari. Msiwavue nguo nzuri mkawavika zilizochakaa. Hizo nzuri wamezinunua Mbarara kwa jasho lao. Walipeni kwa mkataba kama mnavyowalipa waigizaji wa Kampala. Mkihitaji mkimbizi, hata huyo watamwigiza vizuri, mradi muwaombe waigize, si wajianike. Na filamu ikikamilika, ionyesheni hapa kabla ya kuipeleka kwenye matamasha yenu ya Ulaya. Vibanda vya video tunavyo.

Wenu kwa heshima,
Mwalimu wa maigizo, Masha, Isingiro