Mwongozo kwa Wanandoa Wanaohamia Visiwani Elementaita

Hongereni, bwana na bibi mwari. Nyuso zimeiva rangi, kinundu cha uchumba kimeota pajini, na sasa mnataka kuishi kisiwani kwa matanga yenu wenyewe. Hamna haja ya kwenda Lamu wala Pemba. Teremkeni kutoka Kariandusi tu, Ziwa Elementaita lile pale, na visiwa vyake vya mawe vinangoja wapangaji.

Chagueni kisiwa chenye maji pande zote. Ziwa hili ni la kina kifupi. Likikauka kidogo, kisiwa kinashikana na nchi kavu, na fisi na bweha wanawafikia kwa miguu. Likifurika, mayai yanaondoka na maji. Nyumba yenyewe isiwasumbue: kishimo, vijiti viwili vitatu, manyoya. Majirani watawabana mabawa, kelele haziishi, harufu ndiyo usiseme. Vumilieni, maana wingi wao ndio ulinzi wenu.

Mayai huwa mawili. Yalalieni kwa zamu, baba na mama, kwa mwezi mmoja hivi. Asiondoke mtu kabla mwenzake hajatua, kwa sababu marabu, yule korongo mwenye upara, amesimama hatua chache kutoka hapo na hana haraka.

Sasa chakula. Maji ya Elementaita ni ya magadi, hayana samaki wa kuwatosha nyote. Soko lenu ni Ziwa Nakuru, ambako tilapia wadogo wa Magadi walipandikizwa miaka ya 1950 na 1960 ili wale viluwiluwi vya mbu. Kabla yao ziwa lile halikuwa na samaki. Wari walianza kutaga kwa wingi Elementaita baada ya hapo, basi kila kifaranga wa visiwa hivi ana deni kwa watu waliokuwa wakipigana na malaria.

Safari ya sokoni isianze alfajiri. Mtu wa kilo 10 akipiga mabawa mpaka Nakuru atafika hoi. Ngojeni kama manahodha walivyongoja kaskazi: jua lipashe mawe na majani makavu hadi saa tatu, saa nne, hewa ya moto ianze kupanda. Hapo tandazeni mabawa, yanayokaribia mita 3 kutoka ncha hadi ncha, mzunguke mkipanda bila kuyapiga hata mara moja. Mkifika juu kabisa, telezeni kuelekea Nakuru mkitafuta hewa nyingine inayopanda. Moshi wa nyama choma wa Kikopey msiufuate, uko upande mwingine. Ziwani jipangeni nusu duara na wenzenu, wasukumeni samaki hadi maji haba, kisha tumbukizeni midomo kwa pamoja. Mzigo wa watoto ubebeni tumboni. Mfuko wa mdomo ni wavu wa kuvulia, haufai kusafirishia.

Sehemu iliyobaki inatuhusu sisi majirani wa Kariandusi. Mto wetu na ule wa Mereroni ni kati ya mito inayolijaza ziwa. Kila pampu inayonyonya maji huko juu bila kipimo, na kila mti unaokatwa kwenye chanzo, unawasogezea fisi wale wanandoa. Machimbo yetu ya udongo mweupe, uliotokana na maganda ya vijimea vya majini, yanaonyesha kwamba hapa tunapolima palikuwa ziwa; karibu na machimbo hayo ndipo mwanaakiolojia Louis Leakey alipochimbua mashoka ya mawe baada ya 1928. Maji yaliwahi kuondoka bonde hili bila sisi kuyasukuma. Tusiyasukume.

Mkataba wa Ramsar wa ardhioevu ulilitambua ziwa mwaka 2005, UNESCO mwaka 2011, lakini karatasi hizo hazimzuii mtu kupeleka boti au droni juu ya viota. Wari wakishtuka hupaa wote, na yai lililoachwa juani halichukui muda kuharibika. Simameni ufukweni na darubini, saa nne asubuhi, mtawaona wakipanda.