Heko, Benchi la Ruhuwiko

Lucian wa Samosata, mwandishi wa karne ya 2, aliwahi kumtungia nzi sifa: mbawa zake, macho yake, hata ushujaa wake wa kurudi palepale alipofukuzwa. Mwaka 1511 Erasmus wa Rotterdam akachapisha kitabu kizima ambamo Upumbavu wenyewe unapanda jukwaani kujisifu. Ikiwa nzi na upumbavu vimepata watetezi, benchi la abiria katika uwanja wa ndege wa Songea, hapo Ruhuwiko, limekosa nini?

Kosa lake ni moja tu: halimjui mkubwa wala mdogo. Air Tanzania huja Ruhuwiko kwa Dash 8 Q400, ndege ya mapangaboi yenye viti 76. Kati ya hivyo, 6 ni vya daraja la biashara na 70 ni vya daraja la kawaida. Waliolipia vile 6, laiti wangekuwa Doha na tiketi za aina hiyo za Qatar Airways, wangekaribishwa Al Mourjan, lounji iliyofunguliwa mwaka 2014, yenye ukubwa wa takriban meta za mraba 10,000, ambamo mtu aweza kupotea akitafuta chai. Ruhuwiko hapotei mtu. Lounji ya daraja la biashara haipo. Mwenye tiketi ya bei kubwa hukaa palipobaki nafasi, na akichelewa husimama.

Wenye kununa huita hali hii uduni. Wakumbushwe historia. American Airlines ilipofungua Admirals Club katika uwanja wa LaGuardia, New York, mwaka 1939, uanachama haukuwa wa kununua. Ulitolewa kwa mwaliko, kwa wale ambao wakubwa wa shirika waliwaona wanafaa, na miaka mingi ilipita kabla mlango haujafunguliwa kwa yeyote aliye tayari kulipa ada. Songea imewapita mbali bila kikao wala kesi: kila mwenye tiketi ni mwalikwa.

Na huduma yake ya habari haina mfano. Kwenye viwanja vikubwa abiria hukodolea macho skrini zilizojaa namba na miji, kisha hutimua mbio akisikia geti limebadilishwa. Hapa ndege inayoshusha ndiyo inayopakia. Kama haionekani pale nje, haijafika. Hakuna haja ya kumuuliza mtu. Ikikaribia, mvumo wa mapangaboi hutangulia tangazo lolote, na ukumbi mzima huinuka kwa pamoja, wakiwamo wale ambao dakika moja kabla walikuwa wakijifanya hawana haraka.

Ila sifa kuu ya benchi hili ni salamu. Lounji imejengwa ili mtu asisalimiane na mtu. Viti vyake hupangwa kwa kupeana migongo, na anayesema neno kwa jirani hudhaniwa amekosea mahali. Sasa mheshimiwa wa daraja la biashara aingie ukumbi wa Songea amkute bibi aliyesindikizwa na mjukuu, anakwenda Muhimbili kwa matibabu. Afanye nini? "Shikamoo, bibi." "Marahaba, baba. Wewe ni mtoto wa nani?" Hapo kadi ya dhahabu haisaidii. Ataeleza ukoo wake, ataulizwa kwao ni Mbinga au Namtumbo, kisha, kwa kuwa amejulikana, ataulizwa barabara ya kijijini itachongwa lini. Kando yao amekaa mtawa kutoka Peramiho, ambako Wabenediktini wapo tangu mwaka 1898, na mnunuzi wa kahawa aliyekuwa akisikiliza huku akijidai anasoma simu. Serikali hutumia fedha nyingi kuandaa mikutano ya kusikiliza kero za wananchi. Benchi hili huiandaa bure, na mgeni rasmi hawezi kuondoka kabla ya ndege.

Kuhusu vitafunwa, ni kweli benchi halina chochote. Lakini lounji za kimataifa hujivunia nini? Kikombe cha kahawa ya arabika na kibakuli cha korosho. Kahawa hiyo inalimwa Mbinga. Korosho inalimwa Tunduru, na sehemu kubwa ya korosho ya Tanzania husafirishwa ikiwa na maganda yake hadi India na Vietnam, ikabanguliwe huko. Kwa maneno mengine, mkoa huu wa Ruvuma umekwisha kuwalisha wenye sofa, haudaiwi.

Kiyoyozi nacho ni cha asili. Mji upo zaidi ya meta 1,000 juu ya usawa wa bahari, na mwezi Juni au Julai mgeni kutoka Dar es Salaam aliyekuja na shati jepesi hugundua kwamba benchi la chuma lina uwezo wa kupoza kuliko mashine yoyote. Hata mpangilio wa matumizi ya fedha unastahili pongezi. Serikali ilipoukarabati uwanja huu ilianza na njia ya kurukia, ikairefusha, kwa sababu ndege haitui juu ya sofa.

Anayeendelea kulalamika angeweza kupanda basi hadi Dar es Salaam, apitie Njombe, Makambako, Iringa na Mikumi, zaidi ya kilomita 900, akae siku nzima bila kuuliza habari za lounji. Au, bila kwenda mbali, atembee hapohapo Ruhuwiko msimu wa mavuno hadi kwenye maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, aone jinsi wakulima wanavyosubiri mahindi yao yapimwe. Wao hawajapewa hata benchi. Hulala juu ya magunia, na hao ndio daraja la biashara halisi la mkoa huu.

Wito wa kupanda unapotoka, abiria wote hutembea kwa miguu hadi kwenye ndege, kwa kuwa daraja la kuvukia kutoka ukumbini halipo. Wale 6 huketi mbele, hupewa nafasi ya kunyoosha miguu, na pazia hufungwa nyuma yao. Pazia ni kitambaa tu. Bibi huita kutoka upande wa pili: "Baba, usisahau ile barabara."