Shato la Madamu Carr

Mwambie mtu wa Goma kwamba kuna nyumba ya mzungu wa zamani, mwandishi, yenye bustani: akili yake itakimbilia majumba ya kando ya ziwa. Ghorofa, nguzo, geti la chuma, mlinzi anayekufukuza hata hujasimama. Ndivyo Mama mdogo alivyoelewa nilipomtajia Mugongo, ng'ambo ya mpaka, kwa marehemu Rosamond Carr. Akatoa kitenge cha harusi, akafunga kilemba ambacho peke yake kingestahili jetoni yake ya kuvukia.

"Hatuendi sokoni Birere, papa. Tunaenda shato."

Petite Barrière upande wetu tulipita salama. Upande wa pili tukakumbushwa kwamba Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, na Mama mdogo alikuwa amefunga maisha yake yote kwenye sasheti: mikate, ndizi, sambaza za kukaanga. Sasheti zilichukuliwa, sambaza zikabaki mikononi. Mimi nilikuwa na kurasa chache za Land of a Thousand Hills, kitabu cha Madamu Carr cha mwaka 1999, nilizozitoa kopi ili nisome njiani. Sambaza zikafungwa humo. Hivyo utangulizi sikuusoma, ila naweza kusema una mafuta.

Goma tumezoea motari mmoja wa pikipiki kubeba baba, mama, mtoto na godoro. Rwanda ni abiria mmoja, tena avae kofia ya chuma. Kuvua kilemba barabarani katika nchi ya watu? Mama mdogo alisema afadhali atembee, na kilima kilikuwa mbele yetu. Motari naye alisema sheria haijui kilemba. Mwishowe kofia iliwekwa juu ya kilemba, ikakaa kama sufuria juu ya mafiga, na mkono wa kushoto wa Mama mdogo ukafanya kazi ya kuishikilia mpaka juu. Mimi nilikuwa kwenye pikipiki ya nyuma. Sitasema nilicheka.

Tulipofika alisimama mbele ya nyumba ya mawe, ya chini, iliyofunikwa na mimea itambaayo, akaitazama kwa adabu.

"Hii ni boyeri, ya kulala watumishi. Shato iko wapi?"

Nikamwambia shato ndiyo hiyo. Akaizunguka mara moja nzima, labda nyingine imejificha nyuma. Kwa kweli mimi niliipenda hapohapo: nyumba ya mtu aliyeishi, siyo ya mtu aliyetaka kuogopwa. Lakini mimi sikuvaa kitenge cha harusi.

Kijana aliyetutembeza alitueleza kwamba Madamu alikuwa Mmarekani, mchoraji wa mitindo ya nguo New York, aliyeingia Kongo ya Wabelgiji mwaka 1949 pamoja na mumewe. Ndoa ikavunjika, na mwaka 1955 akaja Mugongo kusimamia shamba, ambalo baadaye alilinunua. Alilima pareto, kisha akauza maua. Mwaka 1967 Dian Fossey, mtafiti wa sokwe, aliyefukuzwa Kabara upande wetu wa milima kwa sababu ya vita, alikuja kupata hifadhi kwake kabla ya kufungua kambi ya Karisoke. Filamu ya Fossey ilipotoka mwaka 1988, Julie Harris aliigiza kama Madamu.

Sokwe na sinema havikumgusa Mama mdogo. Aliuliza swali lake la kila msiba na kila harusi: "Watoto wangapi?"

Hakuzaa. Ila mwaka 1994, baada ya mauaji ya kimbari, alirudi akakuta shamba limeporwa, na Desemba, katika jengo la kukaushia pareto, akafungua kituo cha yatima, Imbabazi. Alikuwa na miaka 82.

"82!" Mama mdogo alinigeukia mimi, siyo yule kijana. "Mimi nina 60, mnanikataza kuuza mkaa."

Bustanini alitulia kidogo, kisha akaanza ukaguzi. Udongo mweusi hivi, mvua hivi, na hakuna hata mstari mmoja wa muhogo wa sombe! Hata volkano ya Nyiragongo hakuisamehe. Kutoka Mugongo inaonekana kwa mbali, kilele chake kikivuta moshi kama mzee aliyestaafu. "Angalia inavyojifanya mpole," alisema. Mwaka 2002 ilimlia nyumba na cherehani mbili.

Mtunza bustani alimpa mche wa ua jeupe lenye moyo wa manjano. Mama mdogo akatangaza kwamba ni pareto, aliichuma Masisi akiwa msichana. Mtunza bustani alisema ni ua la kawaida tu. Akaambiwa yeye bado mtoto.

Jioni, mpakani upande wetu, kijana mmoja mwenye kalamu alitaka kujua ule mmea unalipiwa nini.

"Ni dawa ya viroboto, mwanangu. Unakausha, unasaga, unanyunyiza kitandani."

Kijana alisahau ushuru. Alitazama kulia, akatazama kushoto, akainama. "Mama, na kunguni je?"

Tulivuka na nusu ya mche.