Kadi Inayougua Alasiri

Fundi aliitwa kutoka Kitale kwa sababu suichibodi ya ofisi moja mjini Malakisi ilikuwa na ugonjwa wa ratiba. Asubuhi ilikuwa nzima. Ikifika saa nane mchana, simu nane za ndani zinakufa kwa pamoja. Jua likitua, zinafufuka. Waliomtangulia wote walifika asubuhi, wakapima, wakakuta kila kitu shwari, wakalipwa na kuwahi matatu ya saa sita.

Mtambo wenyewe ulifungwa enzi simu za Kenya zikiwa mikononi mwa Shirika la Posta na Simu, lile lililoundwa mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, na kugawanywa mwaka 1999 ili Telkom ichukue simu na Posta ibaki na barua. Malakisi ya wakati huo ilikuwa na pamba na tumbaku, na meneja asiye na simu mezani hakuhesabiwa meneja. Leo hata mpishi ana simu mfukoni, lakini ofisi imeung'ang'ania mtambo kwa hoja isiyopingika: kupiga kutoka kwa karani hadi langoni hakuli kredo.

Ukifungua sanduku unakuta kadi zimepangwa wima: ya umeme inayotoa volti 48, za laini za nje, na za simu za ndani, kila moja ikihudumia simu nane. Simu nane zikifa pamoja, basi kadi moja ina kesi ya kujibu.

Kuipima si uganga. Unazima umeme, kwani kuchomoa kadi mtambo ukiwaka kunaweza kuiua hata ile nzima. Kisha unambadilishia mshukiwa nafasi na jirani yake. Ugonjwa ukihama naye, mkosaji amepatikana. Ukibaki palepale, shida iko kwenye nafasi au kwenye waya. Ukifikia waya, nazo unazihamisha mojamoja. Kuna watu hawatoki nyumbani bila oskiloskopu, lakini kazi hii hutaka kalamu na karatasi tu, ya kuandika kipi kimetoka wapi.

Karatasi ya fundi ilifungiwa mandazi ya saa nne.

Kwa hiyo waya wa meneja ukaishia pa jikoni, na wa jikoni kwa meneja. Mzee mmoja aliyepiga kuulizia mkopo wake wa mbolea akaambiwa maharagwe bado, arudi saa saba. Meneja naye, mtu wa heshima zake, akapokea simu ya mtu aliyetaka kujua kama kuna matumbo.

Fundi alirudi kurekebisha. Koleo lilikuwa mbali, akamenya waya kwa meno, kama wafanyavyo mafundi wote pasipo na mtu wa kuwaona. Volti 48 za simu iliyotulia, mtu mwenye ngozi kavu huenda asizihisi. Simu ikilia ni habari nyingine: mtambo unasukuma umeme wa kwenda na kurudi wa volti sabini na kitu au zaidi. Ulimi hauna ngozi kavu. Na sekretari, kwa nia njema kabisa, alikuwa ameamua kusaidia kujaribu.

"Fundi, nimepiga. Imeingia?"

"Imeingia, madam."

Langoni palikuwa na lake. Magharibi ya Kenya ni nchi ya radi, na simu ya lango imefika huko kwa waya unaoning'inia juu ya nguzo; ndiyo maana mtambo huwa na waya wa kijani na manjano unaozama ardhini. Hapa haukuonekana. Baada ya mulembe na habari za nyumbani, mlinzi alikiri kuwa ulishapanda mti na sasa ni eriali ya redio yake. "Ile haikuwa na kazi, mwanangu. Niliigusa, haina stima."

Kadi ilibaki na siri yake ya saa nane. Chumba kinatazama magharibi na bati lake halina dari, kwa hiyo mshukiwa alikuwa joto, na joto halina haja ya kungojewa. Fundi akakimbilia saluni jirani kuazima drai. Drai ikaja, na nyuma yake mteja mwenye rola kichwani, nusu kavu, aliyeapa kutoiacha itoke machoni pake. Ni yeye aliyeona kwanza. Hewa ya moto ilipofika pembeni, penye transfoma ndogo, akasema, "Hako kataa kamezima."

Chini ya kioo cha kukuza, mguu mmoja wa transfoma ulikuwa umezungukwa na ufa mwembamba kama unywele. Transfoma ni nzito. Miaka ya kupanuka kwa joto na kunywea kwa baridi huichosha risasi inayoishikilia. Dawa ilikuwa tone la solda, na afadhali, maana kadi mpya haziji tena: Nortel ya Kanada, iliyouza mitambo ya namna hii dunia nzima, iliomba kinga ya mufilisi mwaka 2009, na anayetaka kadi kuukuu atazunguka Luthuli Avenue jijini Nairobi akiuliza duka kwa duka.

Saa nane ilipita, saa tisa ikapita, simu zinalia. Mhasibu akaishika hesabu ya fundi: solda, nauli, kukodi drai.

"Hii drai niiandike matengenezo ama burudani?"

Walishauriana hadi karibu na magharibi. Mwishowe ikaingizwa kwenye nauli.