Barua ya wazi kwa Bunge la Marekani kuhusu ufundi wa "njoo kesho"

Kwa Waheshimiwa Maseneta na Wawakilishi,
Bunge la Marekani,
Washington.

YAH: PONGEZI KWA KUENDESHA FOLENI NDEFU KULIKO UMRI WA MTU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni karani mstaafu wa masijala, hapa Tanga. Ofisi niliyoitumikia siitaji, kwa kuwa wapo wenzangu ambao bado hawajalipwa mafao. Kazi yangu ilikuwa kuwaambia wananchi waje kesho, na nilikuwa na njia nyingi za kulisema hilo: faili halionekani, mkubwa yuko kikaoni, mtandao unasumbua, mwenye funguo kaenda msibani Lushoto. Nilidhani hakuna wa kunizidi. Mpaka jirani yangu aliponiletea simu yake nimsomee lile jedwali la viza ambalo Wizara yenu ya Mambo ya Nje hulitoa kila mwezi. Nikasalimu amri.

Huyu jirani ana kaka yake Houston. Kaka alipopata uraia, mwaka 2009 akamfungulia dada yake makaratasi. Mtoto wa kwanza wa jirani alikuwa darasa la tano, na nyumba nzima ikaanza kuaga watu. Sasa tazama jedwali lenyewe. Juu pana safu tano: China, India, Mexico na Ufilipino kila mmoja na yake, na moja ya walimwengu wengine wote, Mnorwei na Msambaa humo humo. Pembeni panashuka F1, F2A, F2B, F3, hadi chini kabisa F4, ndipo walipo kaka na dada wa raia. Nikateremsha kidole. Ilikuwa katikati ya 2024, na kisanduku kilisoma 2007.

"Kwa hiyo imebaki miaka miwili," akasema, akitabasamu.

Ikabidi nimweleze kwamba tarehe za jedwali hili hazifuati kalenda ya ukutani. Mwezi mmoja zinasogea wiki mbili, mwezi mwingine hazisogei kabisa, na ziko nyakati zinarudi nyuma. Waheshimiwa, mimi katika utumishi wangu wote sikuwahi kuthubutu kumwambia mtu mwenye namba 12 kwamba jana tulimhudumia namba 10, lakini leo tumerudi kwa namba 6.

Nikaamua kuisoma sheria yenyewe, ile aliyoisaini Rais George H. W. Bush Novemba 1990. Hesabu yake imenifurahisha kupita kiasi. Mnaanza na viza 480,000 za familia kwa mwaka. Mnatoa idadi ya waume, wake, wazazi na watoto wadogo wa raia, ambao wao hawana ukomo, na hapo nawapongeza bila kejeli. Mnajumlisha viza za ajira zilizobaki mwaka uliopita. Kisha mnasema: jibu likiwa chini ya 226,000, tutachukua 226,000. Kwa kuwa hao wasio na ukomo ni wengi mno, jibu huwa chini karibu kila mwaka. Hesabu yote inapigwa, wataalamu wanalipwa, na matokeo ni yale yale ya mwaka jana na juzi. Ofisi yetu ilikuwa na kamati ya namna hiyo.

Mwaka huo wa 1990 sisi tulikuwa bado nchi ya chama kimoja, na Tanzania Bara haikuwa na hata kituo kimoja cha televisheni. Tangu hapo tumebadili mengi. Nyinyi idadi zenu kuu mmezitunza kama mlivyozikuta: ndugu wa raia 65,000, watoto wa raia waliokwisha kuoa au kuolewa 23,400, wakubwa wasiooa 23,400, na 114,200 kwa wake, waume na watoto wa wenye grinikadi. Bibi aliyemlea mtu tangu ananyonya hayumo popote. Shangazi hayumo.

Halafu ikaja asilimia 7. Kwa kawaida hakuna nchi moja inayoruhusiwa kuchukua zaidi ya asilimia hiyo ya viza za familia na za ajira zenye ukomo zikijumlishwa, yaani 25,620. Iceland, yenye watu wasiofika 400,000, ukomo wake ni huo. India, yenye watu zaidi ya bilioni 1.4, ukomo wake ni huo huo. Ni sawa na kugawa ubwabwa wa shughuli sinia moja kwa kila mlango, wa kapera na wa ukoo mzima, kisha mpishi asifiwe kwa kutopendelea.

Tena nchi inayohesabiwa si ile ya pasipoti, ni ile mtu alikozaliwa. Hili linatuhusu sisi wa pwani moja kwa moja. Chukua ndugu wawili wa Kihindi, tumbo moja, mainjinia wote, shahada moja, mwajiri mmoja. Mkubwa alizaliwa Mombasa, baba alipokuwa na duka la vitambaa Biashara Street. Mdogo alizaliwa Jamnagar, familia iliporudi Gujarat. Wote wana pasipoti za India. Katika lile jedwali la katikati ya 2024, kwenye daraja la pili la ajira, mzaliwa wa Mombasa alikuwa kwenye foleni iliyofika mwanzoni mwa 2023. Mdogo wake, foleni iliyofika 2012. Na anayejipanga leo upande wa mdogo asidhani ni miaka kumi na kitu tu: David Bier wa taasisi ya Cato, huko huko Washington, alikokotoa akapata zaidi ya karne. Mama mmoja, baba mmoja, ila leba zilikuwa mbili.

Njia ya kutokea mmeiacha wazi, nami naitangaza bila malipo. Mdogo akioa binti aliyezaliwa Dar es Salaam, anaruhusiwa kuazima mahali pa kuzaliwa pa mkewe, mradi wahame pamoja. Washenga wa Upanga wanatakiwa walijue hili kabla ya kutaja mahari, maana binti wa namna hiyo haji na vyombo tu, anakuja na miaka kumi kibindoni. Mtoto naye anaweza kuazima nchi ya mzazi. Mzazi kuazima ya mtoto, marufuku. Mimi nashauri akina mama wa Gujarat wenye kuona mbali waje kujifungulia Hospitali ya Bombo. Upepo wa bahari ni mzuri, na cheti cha kuzaliwa cha Tanga, kwa sheria zenu, kina thamani kuliko shahada ya uzamili.

Upande wa ajira sitakaa sana. Viza ni 140,000, na humo humo wamehesabiwa wake na watoto. Daktari wa upasuaji mwenye mke na watoto 4 anakula viza 6: hospitali imepata daktari mmoja, daftari lenu limeandika sita, na mmoja wao bado hajaota meno. Kilichonigusa ni daraja la tano, la wawekezaji. Mtu anaweka dola 800,000 mahali palipotajwa kuwa na uhitaji, au 1,050,000 penginepo, anaajiri watu 10, anapewa njia. Kwetu, karani akipokea hela ya chai, TAKUKURU wakimuwahi analala ndani yeye na aliyempa. Nyinyi mmeipangia chai kiwango, fomu na risiti, mkaitengea asilimia 7.1 ya viza zote za ajira. Wasio na ujuzi maalumu, wale wa kukata kuku viwandani na kufua mashuka ya hoteli, ukomo wao ni 10,000, na tangu sheria ya 1997 mmekuwa na ruhusa ya kuwakata hata 5,000 kati ya hizo. Kukata kuku ni kazi ya jasho, na jasho halina risiti.

Sasa niseme la watoto, maana hapa ndipo nilipokosa usingizi.

Mtoto akitimiza miaka 21 anatolewa kwenye ombi la mzazi wake. Mwaka 2002 mkaona huruma, mkapitisha sheria: zile siku ambazo fomu ilikaa mezani kwa karani bila kuamuliwa zitapunguzwa kwenye umri wa mtoto. Maana yake, karani akizembea miaka 5, kijana wa miaka 25 anahesabiwa ana 20. Mimi nimezembea kwa bidii ujana wangu wote na sikumrudisha hata mtu mmoja nyuma kwa wiki. Lakini siku za foleni yenyewe, ile miaka 15 au 20 baada ya fomu kukubaliwa, hizo hazipunguzwi. Uzembe wa karani mmeufidia. Wa Bunge, hapana.

Kijana wa jirani yangu, yule wa darasa la tano, leo ana ndevu na bodaboda ya mkopo. Zamu ya mama yake ikifika, mama ataitwa peke yake. Akitua Houston, itabidi naye amfungulie mwanawe makaratasi, wajipange upya mkiani. Mahakama yenu ya Juu, mwaka 2014, katika kesi ya Scialabba dhidi ya Cuellar de Osorio, ilikubali kwa tofauti ya kura moja kwamba watoto wengi wa namna hii hawarithi tarehe ya mzazi. Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu. Nyinyi mmeongeza sharti kwamba awe bado ana meno.

Na kwenye zile foleni nyingine, za watoto wakubwa, anayesubiri asioe. Mtoto mkubwa wa mwenye grinikadi akifunga ndoa, ombi lake linafutika. Wa raia akioa, anahamishiwa foleni iliyo ndefu zaidi. Hapa Tanga mwanamume wa miaka 35 asiye na mke watu hunong'onezana ana kasoro gani. Siku hizi jibu lipo, anasubiri Marekani. Aliyemwombea naye aombewe afya, kwa sababu akifa, kwa kawaida ombi linakufa naye, mpaka ofisi ipende kulifufua.

Jambo moja tu linanitia shaka juu ya umahiri wenu. Mwaka wenu wa fedha unafungwa 30 Septemba. Balozi zilipofungwa mwaka 2020 kwa sababu ya korona, viza nyingi za familia hazikutolewa, zikahamia kwenye ajira, na mwaka wa fedha 2021 ajira ikawa na 262,288. Ulipofika usiku wa mwisho, kama 66,000 zilikuwa bado ziko mezani. Zikapotea, huku watu wakiwa wamepanga mstari kwa mamia ya maelfu. Hapo ningewaita kwenye semina. Sisi bajeti ikibaki mwezi Juni tunajua la kufanya: tunanunua viti, tunapaka ofisi rangi, tunakwenda Morogoro kwa mafunzo ya siku tano yasiyo na mada. Hairudi hata senti.

Wapo wanaosema mfumo wa zamani ulikuwa mbaya zaidi, nami sibishi. Chini ya sheria yenu ya 1924 Ujerumani ilipewa nafasi 51,227 kwa mwaka, Uingereza na Ireland ya Kaskazini 34,007, Ruanda-Urundi 100, na Tanganyika yote, kuanzia Bukoba hadi Mtwara, 100. Mabasi mawili ya Dar hadi Tanga. Mwaka 1965 mkaifuta dharau hiyo. Rais Lyndon Johnson akasaini chini ya Sanamu ya Uhuru, na mbunge Michael Feighan wa Ohio akahakikisha ndugu wanatangulizwa, akitarajia kwamba ndugu watakaoitwa watakuwa Wazungu kama walioko. Haikuwa hivyo. Leo mataifa yote ni sawa. Ila yule karani wa 1924 alikukatalia dirishani, ukarudi kulima katani. Huyu wa sasa anakukubalia, anakupa namba, anakuacha unazeeka nayo.

Ndiyo maana nina ombi moja. Fomu ya kumwombea ndugu mnaitoza dola 675 siku ya kwanza kabisa, kama haikujazwa mtandaoni. Mimi nilipomwambia mtu aje kesho, angalau sikumtoza. Basi kwenye risiti hiyo andikeni mwaka mnaokisia kwamba ataitwa. Mwaka tu, kwa tarakimu kubwa. Kama ni 2031, semeni. Kama ni 2090, semeni pia, mtu auze kiwanja au ajenge, amuoze binti yake au amshikilie, akijua. Jirani yangu hajaezeka nyumba yake tangu 2009, kwa kuwa mtu anayesafiri haezeki. Kila masika anahamisha ndoo.

Najua ombi hili lazima lipite kamati, na kamati ina foleni yake. Majibu yakipatikana, tumeni kwa jina la mjukuu wangu, kwa anwani hii hii. Ana miaka 3 na, kwa taarifa yenu, hajaoa.

Wenu katika ujenzi wa taifa (lenu),

Karani mstaafu,
Tanga.