Muulize Mama Pindo: Cherehani Kuukuu na Mateso Yake

Wiki hii barua zote zinahusu cherehani za mitumba. Nimechagua tano. Zilizobaki zinauliza yaleyale kwa mwandiko mbaya zaidi.

Shikamoo Mama Pindo. Mume wangu alikwenda mnadani akarudi na mwenzangu: mweusi, kiuno chembamba, amejipamba dhahabu, na kwa umri anampita mama mkwe. Tangu siku hiyo usiku wanabaki wawili sebuleni. Na bibi mwenyewe hasogei hata akisukumwa. Nifanyeje?
*Aliyeachwa Chumbani, Temeke*

Marahaba mwanangu. Hujaletewa mke mwenza, mumeo ameuziwa kichwa cha Singer kilichoganda. Kuganda si kufa. Mara nyingi chuma ni kizima. Kilichokwama ni mafuta ya miaka mingi yaliyogeuka gundi, hasa ikiwa mwenye mali wa kwanza aliona mafuta ya cherehani ni ghali akatia ya kupikia.

Mwambie aweke koleo chini. Avue mkanda, atoe bobini na nyumba yake, kisha afungue bamba lililo chini ya sindano. Hapo atakuta vumbi la nguo limeshindiliwa katikati ya meno yanayosukuma kitambaa, gumu mpaka linachomolewa kwa pini. Alitoe lote, amalizie kwa mswaki uliochakaa. Achungulie pia nyuma ya bobini: kipande kimoja cha uzi kilichojiviringisha pale kinatosha kusimamisha mashine nzima.

Baada ya hapo ni mafuta ya taa, tone moja moja, kwenye kila tundu na kila mahali chuma kinapokutana na chuma. Afanye hivyo mbali na jiko, halafu alale. Chumbani. Asubuhi alizungushe gurudumu kwa mkono, mbele kidogo, nyuma kidogo, bila kulilazimisha. Likikataa, arudie mafuta ya taa na usiku mwingine wa subira. Likiachia, afute vizuri, atie mafuta ya cherehani, maana mafuta ya taa husafisha lakini hayalainishi. Ile dhahabu asiisugue kwa spiriti, itaondoka pamoja na uchafu. Kitambaa laini chenye tone la mafuta ya cherehani kinatosha.

Siku akishona pindo la kwanza, mpelekee gauni lako lenye mshono uliofumuka. Usiku uliobaki ni wenu.

Mama Pindo, nimerithi cherehani ya marehemu bibi. Kuna kijana mtanashati ananiambia ndani mna zebaki nyekundu. Anataka shilingi elfu tano za kipimo, kisha atuletee mnunuzi wa mamilioni. Nimpe?
*Tajiri Mtarajiwa, Kongowea*

Usimpe hata ya chai. Mwaka 2009 uvumi huohuo ulizagaa Saudi Arabia. Watu walisogeza simu za mkononi karibu na sindano, eti laini ikikatika basi zebaki imo. Cherehani kuukuu za Singer zikatajiwa bei ya mpaka riyali 200,000, na polisi wakalazimika kuchunguza utapeli huo.

Hebu jiulize, mtengeneza cherehani atie zebaki ya kazi gani? Haisukumi kitambaa wala haivuti uzi. Ndani ya hiyo ya bibi mna chuma cha kusubu, skrubu, na vumbi la sare za shule alizowashonea baba zenu. Huyo kijana simu yake ikikatika, muulize kwanza kama ana salio.

Habari za huko Mama. Niko Minneapolis. Kwenye duka la mitumba nimepata Singer nyeusi yenye mota, inashona vizuri, bei ya sahani mbili za pilau. Nataka kumtumia mama yangu Tanga. Kuna ubaya?
*Mtoto wa Mbali*

Nzuri, mwanangu, na hongera kwa kumkumbuka mama. Ubaya ni umeme. Mota ya Marekani imetengenezwa kwa volti 110, na ukutani kwa mama yako zinatoka 230. Akiichomeka hivyohivyo, mota itaungua.

Tazama mota imekaa wapi. Ikiwa imefungwa kwa nje nyuma ya nguzo na inavuta gurudumu kwa mkanda, ifungue ibaki huko Minneapolis. Mama atatafuta meza ya miguu, fundi atafunga mkanda wa ngozi, na umeme ukikatika yeye ataendelea kushona. Lakini zipo kama Singer 15-91 na 201-2, ambazo mota imejengwa mlemle na kuzungusha kwa gia. Hizo hazikubali mkanda. Itabidi umnunulie na transfoma. Na kabla hujaichomeka tena huko uliko, kagua waya. Mpira wake ukipasuka, umeme utakupiga wewe kwanza.

Mama, yangu inazunguka vizuri lakini inaruka mishono. Fundi anasema kichwa kimechoka, ninunue kingine, naye kwa bahati anacho cha kuuza.
*Mwenye Mashaka, Dodoma*

Mashaka yako yana akili. Kabla ya kununua kichwa, nunua sindano mpya ya aina inayokubaliwa na mashine yako. Ishike kwenye mwanga: upande mmoja una mfereji mrefu. Mfereji huo uelekee upande ambao uzi unaingilia. Sindano ikigeuzwa, mshono hauji au unaruka. Hakikisha pia imepanda mpaka mwisho kabla ya kukaza skrubu. Ukitunga uzi, inua kwanza mguu unaokandamiza kitambaa ili visahani vya kukaza uzi viachie, uzi uingie katikati yake.

Ikiwa bado inaruka, tafuta fundi mwingine, asiyeuza vichwa.

Mama Pindo, nimeona Singer mnadani, muuzaji anasema ina miaka mia na ndiyo maana bei imepanda. Kweli ya kale ni ghali?
*Mnunuzi Mwoga, Morogoro*

Umri wake utausoma kwenye namba iliyogongwa kwenye chuma, kulia, chini ya nguzo. Herufi F, Y au E mwanzoni huwa ni za kiwanda cha Clydebank, Uskoti: F na Y ni za kabla ya katikati ya miaka ya 1930, E zilifuata. Kwa hiyo miaka mia inawezekana. Lakini kiwanda hicho, kilichofungwa 1980, kilitoa zaidi ya mashine milioni 1 katika mwaka 1913 pekee. Kitu kilichotengenezwa kwa mamilioni hakiwi adimu kwa kuzeeka tu.

Lipia kinachofanya kazi. Zungusha gurudumu, tazama kama sindano inapanda na kushuka bila kukwama, uliza bobini na nyumba yake viko wapi, maana ndivyo vinavyopotea kwanza. Nenda na kipande cha khanga na uzi wako, ushone pale pale mbele yake. Muuzaji akikataa usijaribu, mwachie cherehani yake na miaka yake mia.